Sauti safi kwa kompyuta ya bei ndogo: neno la amani lisipotee njiani

Haya ni maneno aliyoyasema fundi mmoja wa sauti mbele ya mafundi wa redio za jamii, wanahabari na wajumbe wa vilabu vya wasikilizaji, katika semina iliyofanyika Kalemie, jimbo la Tanganyika. Tunayachapisha karibu jinsi alivyoyasema, pamoja na maswali machache aliyoulizwa.

Walionialika waliniambia: "Fundi, useme juu ya kompyuta na sauti, lakini useme kwa namna ambayo hata mama wa kilabu cha wasikilizaji atafahamu." Nitajaribu. Mimi si mwalimu wa chuo kikuu. Nimefanya kazi ya waya na mikro kwa miaka mingi, na mengi ninayoyajua niliyajua kwa kukosea. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu moja.

Herufi moja iliyopotea

Mnajua yaliyotupata katika jimbo hili, hasa miaka ya 2016 na 2017, Watwa na Waluba walipochomeana vijiji. Mapigano yalipopoa kidogo, tulikwenda kijiji kimoja kurekodi baraza la upatanisho. Sitataja kijiji, wala kabila la mzee nitakayemsema, kwa sababu jambo lile liliisha na halifai kufufuliwa.

Mzee yule alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kiume. Alisimama mbele ya watu wote akasema: "Mimi sitalipiza kisasi." Watu walilia. Mimi pia nililia, huku nimeshika mikro.

Nilikuwa nimechomeka mikro hiyo moja kwa moja katika tundu dogo la kompyuta ya mkononi, na chaja ya kompyuta ilikuwa imefungwa kwenye jenereta. Tuliporudi studio nikasikiliza. Chini ya maneno kulikuwa na mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga. Juu ya maneno kulikuwa na mchirizi, kama mafuta yanayokaanga samaki. Nikafanya kama wanavyofanya mafundi wengi. Nikakata sauti za chini ili kuondoa mvumo, kisha nikakata sauti za juu ili kuondoa mchirizi. Nikasikiliza kwa spika ndogo za kompyuta yenyewe, nikaona ni safi. Jioni ile tukaitia hewani.

Sasa sikilizeni vizuri. Herufi "s" ni sauti ya juu. Nguvu yake nyingi iko juu ya hezi 4,000, mahali palepale unapokaa mchirizi. Nilipoufuta mchirizi, niliifuta na "s". Kilichotoka hewani kilikuwa "…italipiza kisasi." Mtu mwenye redio ndogo ya betri, mtu ambaye tayari ana hofu moyoni, herufi inayokosekana huijaza mwenyewe. Wengi waliijaza kwa "n". Walisikia: "Nitalipiza kisasi."

Siku ya soko ikafika, na watu wa upande wa pili hawakuja. Vijana walianza kulala nje wakilinda. Mzee alipopata habari ya yale yanayosemwa, alitembea kwa miguu asubuhi nzima mpaka kwetu, akakaa kwenye kiti mbele yangu, akaniuliza: "Mwanangu, neno langu umelipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Tulimweka hewani moja kwa moja, akalisema tena neno lake mara 3, polepole, na chifu akiwa kando yake. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa. Lakini tangu siku ile nilijua kwamba sauti chafu si jambo la mapambo.

Katika lugha yetu, kukana kunakaa mwanzoni mwa neno, tena katika kipande kidogo sana: "si", "ha", "hatu". Watakuja, hawatakuja. Tulikubali, hatukukubali. Kipande hicho kikimezwa na mvumo, habari inageuka kichwa chini, miguu juu. Sisi tunaofanya kazi ya amani kwa redio tunabeba vipande hivyo vidogo. Tuvibebe kama mtu anayebeba mayai.

Uchafu unazaliwa wapi

Watu wengi husema: kompyuta hii ni mbovu, tununue nyingine ya dola 800. Mara nyingi kompyuta si mbovu. Tatizo lake ni nyumba.

Sauti inayotoka kwenye mikro ni umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu moja ya volti. Umeme huo ukiingia katika tundu dogo la kompyuta, unaingia katika nyumba yenye makelele. Ndani kuna feni inayozunguka, diski inayofanya kazi, na saketi zinazowaka na kuzimika mara nyingi sana kwa kila sekunde. Kadi ya sauti ya ndani inakaa katikati ya fujo hiyo. Ni kama kumwomba mtu asimulie siri katikati ya soko.

Zaidi ya hayo, chaja inaleta uchafu wake, jenereta unaleta wake, na inverta ya bei rahisi inayofungwa kwenye paneli za jua inaleta wake pia, kwa sababu haitoi umeme laini kama ule wa shirika la umeme. Na simu yako ya mkononi ikiwa karibu na waya, utasikia ule mlio wa "drrr, drrr, drrr" kabla haijalia. Hivi vyote ni vyanzo tofauti, na kila kimoja kina dawa yake.

Kigeuzi cha nje ni kitu gani

Dawa ya kwanza ni kuitoa kazi ya sauti ndani ya kompyuta na kuipa nyumba yake yenyewe. Nyumba hiyo ni kisanduku kidogo kinachoweza kukaa katika kiganja, kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Mimi nakiita kigeuzi, kwa sababu kazi yake ni kugeuza.

Sauti ni mawimbi. Kompyuta haijui mawimbi, inajua namba tu. Basi wakati wa kurekodi, kigeuzi kinapima wimbi la umeme mara 44,100 au mara 48,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kama namba. Wakati wa kupiga sauti hewani, kinafanya kinyume: kinachukua namba na kuzifanya tena kuwa wimbi. Namba zikishakuwa namba, mvumo wa feni hauwezi kuziharibu. Ndiyo maana tunataka ugeuzaji ufanyike nje ya kompyuta, na kitakachopita katika waya wa USB kiwe namba tu.

Hapa wauzaji watawachanganya kwa hesabu kubwa. Watasema: hiki ni cha biti 24, hiki kinapima mara 192,000. Msiogope. Kanuni ya wataalamu Nyquist na Shannon inasema kwamba ukitaka kushika sauti ya juu ya kiasi fulani, upime zaidi ya mara 2 ya kiasi hicho. Redio ya FM inapeleka sauti mpaka hezi 15,000 tu. Mara 2 yake ni 30,000. Kwa hiyo kigeuzi kinachopima mara 44,100, kipimo kilekile cha diski za CD zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, kinatosha na kubaki. Na biti 16 zinatoa ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti, yaani tofauti ya karibu desibeli 96 kati ya sauti kubwa na ukimya. Hakuna chumba chetu kimoja, wala soko letu moja, lenye ukimya wa namna hiyo. Biti 24 zinasaidia, kwa sababu zinakuachia nafasi ya kurekodi kwa sauti ndogo bila hofu. Lakini usikose kununua mikro nzuri kwa sababu ya kutafuta biti 24.

Kitu cha kununua

Redio yenye fedha kidogo ipange mambo hivi.

Kwanza, mikro. Nunueni mikro ya dainamiki, ile ngumu ya kushikwa mkononi. Haihitaji umeme wa pekee, inavumilia vumbi na joto, na haisikii sana makelele ya mbali. Mikro za kondensa zinasikia vizuri, lakini nyingi zinahitaji volti 48 kutoka kwenye mikseri, na zinasikia pia kuku wa jirani.

Pili, kigeuzi. Hapa kuna aina 3. Kuna vile vidogo kama kidole, vya dola chache tu. Hivyo vinasaidia pale tundu la kompyuta limekufa kabisa, lakini sauti yake si ya kutegemea. Kuna vya karibu dola 30, vyenye matundu 2 ya kuingizia sauti na 2 ya kutolea, kushoto na kulia, pamoja na tundu la kaski. Behringer UCA202 ni mfano unaojulikana: ni wa biti 16 na unafika vipimo 48,000. Angalieni sana: aina hii haina mahali pa kuchomeka mikro. Inahitaji sauti iliyokwisha kukuzwa, kwa hiyo inakaa nyuma ya mikseri. Redio ambayo tayari ina mikseri ndogo ichukue aina hii. Aina ya tatu ina tundu la mikro la pini 3 na kikuza sauti chake ndani. Bei yake inapita ile ya pili mara kadhaa, lakini inafaa kwa mwanahabari anayekwenda vijijini bila mikseri.

Tatu, kaski nzuri inayofunika sikio. Msimamini fundi anayesikiliza kwa spika za kompyuta. Mimi nilikuwa fundi huyo.

Programu haina gharama. Audacity ilitolewa kwa watu wote mwaka 2000, ni ya bure, na inafanya kazi katika Windows, Linux na Mac. Vigeuzi vingi vya aina hii havihitaji programu ya pekee ili kompyuta ivitambue. Unachomeka tu. Hata kompyuta ya zamani, ya miaka 10 au zaidi, inaweza kurekodi sauti ya hewani kwa njia hii. Hapo ndipo fedha inapookolewa: badala ya kununua kompyuta mpya, mnanunua kisanduku kimoja.

Namna ya kuunganisha

Fuateni mpango huu, msiruke hatua.

1. Chomeka kigeuzi moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB. Waya uwe mfupi, usipite mita 5. Kigeuzi kinapata umeme wake, volti 5, kutoka kompyuta yenyewe. Waya mrefu au kigawanyio kibovu huleta mkwaruzo.

2. Mikro iingie kwenye mikseri. Sauti inayotoka kwenye mikseri iingie kwenye tundu la "kuingia" la kigeuzi. Sauti inayotoka kwenye kigeuzi irudi kwenye njia nyingine ya mikseri, si kwenye njia ileile, la sivyo itazunguka na kupiga yowe.

3. Katika mipango ya sauti ya kompyuta, chagua kigeuzi kwa kurekodi na kwa kusikiliza. Mara nyingine Windows inakiita "mikro" na kukipa njia 1 badala ya 2. Rekebisha iwe 2. Zima pia milio yote ya kompyuta, ili "ting" ya ujumbe isiende hewani katikati ya tangazo la mazishi.

4. Katika Audacity, weka hezi 44,100 au 48,000, chagua moja na ushike hiyohiyo siku zote. Mwambie mtu aseme kwa nguvu yake ya kawaida. Kilele cha sauti kifike kati ya −12 na −6. Kisiguse 0. Katika namba, kilichopita 0 kimekatwa kichwa, na hakuna fundi wa kukirudisha.

5. Sasa fanya jaribio la ukimya. Mikro iwe wazi, watu wote wanyamaze, rekodi dakika 1. Vaa kaski usikilize. Mshale wa sauti ukikaa chini ya −60, mshukuru Mungu na mwende kazini. Ukikaa −40 au zaidi, bado kuna nyuki ndani ya mzinga, na lazima tumtafute.

Kumtafuta nyuki

Ondoa kitu kimoja kimoja, huku unasikiliza. Kwanza peleka simu zote mbali, mita 2 au 3. Kisha chomoa chaja, kompyuta ifanye kazi kwa betri yake. Mvumo ukikatika palepale, umempata. Maana yake kompyuta na mikseri vinashika ardhi kwa njia 2 tofauti, na umeme unazunguka kati yao kupitia waya wa sauti.

Hapa nataka kila mtu anisikilize, hata waliochoka. Kuna mafundi wanaokata ule mguu wa tatu wa plagi, mguu wa ardhi, na mvumo unakwisha kweli. Msifanye hivyo hata siku moja. Mguu ule ndio unaomlinda mtu asiuawe na umeme mashini ikiharibika. Mtangazaji anashika mikro ya chuma kwa mkono, tena karibu na mdomo. Hatuwezi kununua sauti safi kwa maisha ya mtu.

Njia ya haki ni hizi: kwanza, vitu vyote vya studio vichukue umeme kutoka mahali pamoja, plagi moja yenye matundu mengi na yenye ardhi. Pili, rekodi za vijijini zifanywe kwa betri ya kompyuta, jenereta uzimwe au uwekwe mbali. Tatu, kama mvumo unabaki, nunueni transfoma ndogo ya sauti inayowekwa katikati ya waya kati ya kigeuzi na mikseri. Inapitisha sauti, lakini inakata ule mzunguko wa ardhi. Ni kisanduku kidogo kisichohitaji umeme, na bei yake si kubwa.

Sauti sawa kwa pande zote

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hesabu zote.

Kigeuzi chenye njia 2 kinaweza kurekodi watu 2 mbalimbali. Kwenye mikseri, zungusha mikro ya kwanza yote kushoto, na ya pili yote kulia. Mwakilishi wa upande mmoja wa baraza apewe kushoto, wa upande mwingine apewe kulia. Ukirudi studio, utawaona katika Audacity kama mistari 2, mmoja juu ya mwingine. Mmoja akiwa mdogo, utamkuza mpaka walingane, bila kumgusa mwenzake. Kisha unawaunganisha.

Kwa nini nasema hivi? Kwa sababu msikilizaji hapimi desibeli, anapima heshima. Mzee wa upande huu akisikika karibu na wazi, na mzee wa upande ule akisikika kama yuko ndani ya pipa, watu watasema: redio imewapendelea wale. Na hawatakosea sana, kwa sababu mikro nzuri ilikuwa mbele ya nani? Mara nyingi inakuwa mbele ya chifu, mbele ya mwanamume, mbele ya anayejua Kifaransa. Mama anayeketi nyuma anasema kwa sauti ndogo, na mvumo unammeza. Baraza linapokwisha, maneno yaliyobaki katika kompyuta ni ya wakubwa tu.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, pelekeni mikro kwa yule ambaye sauti yake ni ndogo. Umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni unatosha.

Kutunza maneno

Mapatano ya baraza ni kama hati. Yanaweza kuulizwa baada ya mwaka, au baada ya miaka 5. Yatunzeni katika faili ya WAV, ambayo haikati kitu. Kwa hezi 48,000 na biti 16, njia 2, saa 1 inachukua karibu megabaiti 690. Ufunguo wa USB wa gigabaiti 32 unabeba zaidi ya saa 40. Wekeni nakala 2, katika nyumba 2 tofauti. Sisi wa hapa tunajua kwamba nyumba inaweza kuungua.

Mkitaka kutuma kwa redio nyingine kupitia intaneti, tengenezeni nakala ya MP3. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika 10 ni chini kidogo ya megabaiti 10. Lakini msichukue MP3 mkaifanya tena MP3, halafu tena. Kila mara kitu kinapotea, na kinachoumia mapema ni sauti za juu, pamoja na rafiki yetu "s". Rudini siku zote kwenye faili ya kwanza.

Kitu ambacho mashini haiwezi

Nimalize kwa kusema ukweli. Kigeuzi hakina upande. Kinabeba baraka, na kinabeba sumu vilevile. Redio ya RTLM ya Rwanda, iliyotangaza kutoka Julai 1993 mpaka Julai 1994, ilisikika vizuri, na watu wengi waliuawa kwa maneno yake. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu viongozi wake. Upande mwingine, sisi katika Kongo tumeona Radio Okapi ikianza mwezi wa Februari 2002, nchi ikiwa imegawanyika, ikisema na watu kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Kikongo na Kiluba cha Kasai, ili mtu wa upande mmoja wa vita amsikie ndugu yake wa upande mwingine. Mashini zilikuwa karibu sawa. Mioyo na sheria za kazi ndizo zilizotofautiana.

Kwa hiyo kisanduku cha dola 30 hakitaleta amani Tanganyika. Lakini kinaweza kuhakikisha kwamba mtu akisema "sitalipiza", isikike "sitalipiza".

Mzee yule amekwisha kufariki. Sauti yake ninayo. Ile rekodi ya kwanza, yenye mvumo na mchirizi, sikuifuta. Mafundi vijana wakija kwangu kujifunza, nawapa kaski na kuwauliza: mzee anasema nini? Wakishasikia wenyewe, ndipo tunafungua kisanduku.



Maswali ya wasikilizaji

Mama mmoja wa kilabu aliuliza: Sisi hatuna mikseri wala kompyuta. Tuna simu tu. Tufanye nini?

Jibu: Mama, simu si ya kudharauliwa. Iweke katika hali ya ndege ili isitoe ule mlio wake, iweke karibu na mdomo wa anayesema, nanyi mkae mbali na upepo, jenereta na bati linalonyeshewa mvua. Kisha leteni faili yenyewe redioni kwa waya au kwa kadi. Msiicheze mbele ya mikro ya studio. Neno muhimu la mapatano, mwombeni mzee aliseme mara 2.

Kijana mmoja fundi aliuliza: Rekodi ikishakuwa na mchirizi, hakuna njia ya kuisafisha?

Jibu: Iko, lakini kwa kiasi. Audacity inaweza kupunguza makelele ukiipa kipande cha ukimya kama mfano. Punguza kidogo, uache mchirizi kidogo ubaki. Afadhali msikilizaji asikie mafuta yanakaanga kuliko asisikie "s". Na kabla ya kuitia hewani, mpe mtu ambaye hakuwa kwenye baraza, aisikilize kwa redio ndogo na akuambie amesikia nini. Wewe uliyekuwepo masikio yako yanakudanganya, kwa sababu neno tayari unalijua.

Mwanahabari mmoja aliuliza: Meneja wetu anasema hakuna fedha. Tumwambie nini?

Jibu: Mwambieni ajumlishe mafuta ya pikipiki ya kurudi kijijini kuomba msamaha. Mimi nilijumlisha. Kigeuzi kilikuwa rahisi zaidi.